Senta beringi iliyokuwa haidumu: kisa cha Canter ya viazi, Uyole

Gari ni Canter ya zamani ya tani tatu na nusu. Kazi yake ni kubeba viazi mviringo kutoka Kikondo na Isyonje kushuka Uyole, na mara mojamoja mchele wa Mbarali viazi vinapoadimika. Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa Igawilo, na dereva ni kijana aliyeanzia utingo kwenye gari hilohilo. Malalamiko yao yalikuwa mafupi. Gari likifika kasi ya hamsini linaunguruma, na likiondoka na mzigo mlimani linatetemeka chini ya kiti. Senta beringi ya propela, yaani ya shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma), ilikuwa imeshabadilishwa katika gereji nyingine, zaidi ya mara moja ndani ya msimu mmoja wa viazi. Kila ikifungwa mpya kelele inapoa kidogo, kisha inarudi vilevile. Ushauri wa mwisho waliopewa ni kwamba difu limekwisha, na mama alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya difu la mtumba Mwanjelwa.

Difu halikuwa na kosa. Beringi zilizokufa nazo hazikuwa feki, ingawa dereva aliapa kwamba ni feki. Ziliuawa, na kila zilipobadilishwa muuaji aliachwa palepale ndani ya gari.

Kwa asiyelala chini ya Canter mara kwa mara, mpangilio wenyewe uko hivi. Kutoka giaboksi hadi difu ni mbali mno kwa shafti moja. Shafti ndefu na nyembamba ikizungushwa kwa kasi hupinda katikati na kuanza kupiga, kwa hiyo watengenezaji huigawa vipande viwili. Kipande cha mbele kinatoka giaboksi hadi katikati ya chesisi, na mwisho wake umeshikwa na beringi moja iliyokaa ndani ya raba, raba ikiwa ndani ya breketi ya chuma, breketi ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye mhimili wa chesisi. Hiyo ndiyo senta beringi. Kutoka hapo kipande cha nyuma kinaendelea hadi difu kikiwa na krosi, yaani kiungo kinachopinda, kila mwisho na kiungo chenye meno kinachoteleza, ili springi zinapopanda na kushuka shafti iweze kurefuka na kufupika. Beringi yenyewe haibebi uzito wa gari wala wa viazi. Kazi yake ni kuituliza shafti tu. Ndiyo sababu beringi ya mahali hapa ikifa mapema, mimi huanza kuwashuku majirani zake kabla ya kumshuku aliyeitengeneza.

Kabla ya kufungua kitu tulitoka na gari. Dereva aliendesha, mimi nikakaa pembeni yake, tukaelekea Igawilo, tukapanda hadi karibu na Isyonje na kurudi. Barabara hiyo inafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa ina mlima wa kutosha kubana injini, mteremko wa kuiachia, na vipande vilivyonyooka vya kushikilia kasi moja. Nilitaka kujua kelele inamtii nani.

Kwenye kasi ya hamsini nilimwambia akanyage klachi na aweke gia frii. Injini ikashuka hadi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, mngurumo ukabaki uleule. Hapo injini, klachi na sehemu ya mbele ya giaboksi zikaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Tukafika kwenye lami iliyokwaruzwa, kisha lami laini, na sauti haikubadilika. Tairi huimba tofauti barabara ikibadilika, kwa hiyo tairi nazo zikatoka. Kwenye kona ndefu gari lilipolalia upande mmoja, kisha mwingine, hakukuwa na tofauti. Beringi ya gurudumu kwa kawaida hulalamika zaidi inapoongezewa uzito na kunyamaza inapopunguziwa. Likabaki difu. Difu lililochoka hutoa mluzi, na mluzi huo hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia, kwa sababu meno yanabadilisha upande wa kusukumana. Huu haukuwa mluzi. Ulikuwa mngurumo mzito unaopita kwenye sakafu ya kabini, na ulikuwa hivyohivyo mafuta yakanyagwe au yaachiwe.

Tulipoanza kuondoka kwenye mlima, mtetemo chini ya kiti ulijitokeza waziwazi kwenye gia ya kwanza na ukapotea gari liliposhika mwendo. Hiyo ni alama ya raba ya breketi iliyochanika: nguvu inapoingia kwa mkupuo shafti inanyanyuka na kurudi, na hakuna cha kuituliza.

Tuliporudi gereji mama alikuwa ameshafika. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza swali moja tu: “Mwanangu, difu ninunue au nisinunue?” Nikamwambia asinunue chochote mpaka shafti ishuke chini.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kuna jambo linaloua mafundi. Kwenye Canter nyingi breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Ni ngoma iliyofungwa nyuma ya giaboksi, na inashika magurudumu kwa kupitia propela. Ukifungua propela, breki ya mkono haishiki tena kitu. Gia uliyoacha imeingia nayo haishiki kitu. Gari lenye tani kadhaa linabaki huru, na gereji za Uyole hazijui uwanja tambarare. Kwa hiyo magogo yanawekwa mbele na nyuma ya magurudumu kabla spana ya kwanza haijagusa bolti. Ukinyanyua kwa jeki, gari linakaa kwenye stendi. Jeki si stendi. Nimewahi kumwona kijana akiweka tofali la kuchoma badala ya gogo, na tofali la kuchoma la kwetu hupasuka hata likiangushwa kutoka mkononi.

Jambo la pili kabla ya kufungua ni alama. Kila flanji, yaani sahani ya kuungia shafti kwa bolti, inapokutana na mwenzake piga alama kwa chizeli au rangi, na kwenye kiungo kinachoteleza piga alama pande zote mbili. Shafti husawazishwa kiwandani ikiwa imeunganishwa kwa mpangilio fulani. Ukiifunga tofauti, usawa huo unapotea. Tulipofuta tope kwenye kiungo kinachoteleza tukaona jambo la kwanza lisilo sawa, lakini nitalieleza baadaye, kwa kuwa wakati ule sikujua lina uzito gani.

Shafti ilishuka. Raba ilikuwa imechanika zaidi ya nusu ya mzunguko, kama tulivyotegemea. Beringi ilizunguka kwa mkwaruzo mkononi, na tulipoizungusha polepole ilikuwa na mahali inakwama, inaachia, inakwama. Nati ya flanji ilifunguka kwa paipu ndefu, pula, yaani chombo cha kuvutia, ikatoa flanji, na beringi ikatoka bila pula kabisa. Niliivuta kwa vidole. Beringi ya namna hii haitakiwi kutoka kwa vidole. Ringi ya ndani inapaswa kuwa imeikaza shafti kiasi cha kuhitaji pula ya kweli.

Mafundi wengi wakifika hapa huitupa beringi kwenye ndoo ya chuma chakavu. Mimi niliifungua. Unang'oa sili, unaosha kwa mafuta ya taa, unakata ringi ya nje kwa grainda ukiwa umevaa miwani, na unaangalia njia ya gololi.

Ringi ya nje haizunguki, imeshikwa na raba. Ringi ya ndani inazunguka na shafti. Kama kosa liko upande wa gari, kwa mfano breketi imefungwa chini mno na inaivuta shafti, gololi hukandamizwa daima mahali pamoja pa ringi ya nje. Hapo ringi ya nje huchimbika sehemu moja, na ringi ya ndani hulika mzunguko mzima, kwa sababu kila sehemu yake inapita kwenye kibano hicho. Kama kosa linazunguka pamoja na shafti, mambo huwa kinyume: ringi ya ndani huchimbika sehemu moja na ya nje hulika mzunguko mzima. Hii niliyokata ilikuwa ya aina ya pili, bila utata. Ringi ya nje ilikuwa na mstari wa kijivu kuzunguka kote. Ringi ya ndani ilikuwa karibu safi, isipokuwa eneo la upana wa kidole lililobanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kutu kulikuwa na kidogo pembeni, ya maji yaliyoingia sili ilipochoka, lakini kutu haikuwa chanzo.

Kwa hiyo kilichokuwa kinaiua beringi kilikuwa kwenye shafti yenyewe na kinazunguka nayo.

Tukaosha mahali beringi inapokaa. Chini ya grisi iliyogeuka masizi kulikuwa na ukanda wa bati la kopo la soda, umezungushwa juu ya shafti, ncha zake zikiwa zimelaliana kwa upana wa kidole. Maandishi ya bluu ya kopo yalikuwa bado yanasomeka. Tulipoiweka ile ringi ya ndani juu yake kwa alama za mikwaruzo, eneo lililobanduka lilikaa juu kabisa ya pale bati lilipolaliana.

Nieleze kwa namba, kwa sababu dereva alibisha, na hoja yake ilikuwa ya maana. Alisema bati la kopo ni jembamba kuliko karatasi ngumu, litaiuaje beringi ya chuma?

Beringi ilikuwa na namba 6208. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita, yaani 8 mara 5 ni 40. Kanuni hiyo inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Shafti mahali pale inatakiwa iwe milimita 40 na nyongeza ya mikromita chache (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ili ringi ikaze. Maikromita, yaani kifaa cha kupimia, ilisoma milimita 39.82. Shafti ilikuwa imelika, pengine siku nyingi zilizopita, beringi ya kwanza ilipokwama na ringi ya ndani ikaanza kuzunguka juu ya chuma. Fundi fulani njiani akakutana na beringi mpya inayocheza, akakata kopo. Ukuta wa kopo la soda ni karibu milimita 0.1. Ukizungushwa mara moja unaongeza 0.2 kwenye kipenyo, na hapo ringi inakaza vizuri kabisa. Mkononi inajisikia kazi safi. Lakini mahali ncha zilipolaliana pana bati mbili, na ringi ya ndani inasukumwa nje mahali pale peke yake.

Uwazi ulioachwa kati ya gololi na ringi kwenye beringi ya kawaida ya saizi hiyo ni mikromita 6 hadi 20. Nundu ya bati, hata ikibanwa ikabaki nusu ya unene wake, ni mikromita 50. Hakuna nafasi ya kuimeza. Kila gololi inapopita pale inabanwa kupita uwezo wake. Zidisha hiyo kwa mwendo: tairi la gari hili lina mzunguko wa karibu mita 2.4, kwa hiyo kwenye kilomita 60 kwa saa gurudumu linazunguka karibu mara 415 kwa dakika. Difu lina meno 40 kwa 7, yaani gurudumu likizunguka mara 7 propela huzunguka mara 40. Propela basi inazunguka karibu mara 2,400 kwa dakika, mara 40 kila sekunde, na katika kila mzunguko gololi kadhaa zinapita juu ya nundu. Kijana alinyamaza akawa anaigeuzageuza ile ringi.

Sitamlaani aliyekata kopo. Inawezekana lilikuwa ni gari limekwama Chimala usiku na viazi vinaoza. Kama suluhisho la kulifikisha gari nyumbani, linakubalika. Kosa ni la waliokuja baada yake, wakaona bati, wakalirudisha au wakakata jipya, wakamdai mama pesa ya beringi nyingine. Wapo pia wanaopiga shafti kwa panchi, vidoti vingi, ili chuma kinyanyuke na ringi ikaze. Hilo nalo hushika kwa muda mfupi, kwa kuwa ringi inakaa juu ya ncha za vidoti tu, na vidoti vinasagika.

Tiba za kweli za shafti iliyolika ni tatu, na nilizipima zote. Ya kwanza ni kuongeza chuma kwa kuchomelea, kisha kuchonga hadi saizi. Inafanyika, lakini moto wa kuchomelea huipinda shafti na huacha mahali pa kuanzia ufa, na shafti hii inapokea msokoto wote wa gia ya kwanza mlimani Isyonje. Ya pili ni kuipunguza shafti na kuivika bomba la chuma kwa mkazo. Kuchonga kukiwa safi ni kazi nzuri. Ila nguvu ya shafti dhidi ya msokoto inafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu: ukitoka 40 hadi 36 unabaki na karibu asilimia 73. Ya tatu ni kutafuta shafti ya mbele ya mtumba. Nilichagua ya tatu, na sababu kubwa ni kwamba mama alikuwa tayari kununua difu zima, na kipande cha shafti ni kidogo sana mbele ya bei hiyo.

Sharti langu lilikuwa moja: maikromita iende nayo dukani. Muuzaji wa Mwanjelwa hakufurahi kuona mtu anapima spea yake kabla ya kulipa. Ya kwanza aliyoitoa ilisoma 39.9, ikarudi rafuni. Iliyofuata ilisoma 40.01, meno ya flanji yakiwa safi na vibati vya usawa vikiwa bado vimechomelewa kwenye bomba. Vibati hivyo ni vya kuangaliwa. Kipande cha gramu 20 kikidondoka kwenye bomba lenye nusu kipenyo ya milimita 45, kwa mizunguko 2,400 kinazua mvuto wa karibu kilo sita unaozunguka na shafti. Kwa hesabu hiyohiyo, bonge la tope la gramu 200 lililokaukia upande mmoja linavuta karibu kilo 58. Wakati wa masika, kwenye udongo wa kule juu Kikondo, bonge la namna hiyo si ajabu. Dereva wanaolalamika kwamba gari linatetemeka tangu jana, siku nyingine dawa yao ni kijiti cha kukwangulia.

Beringi mpya tulinunua yenye alama ya 2RS, yaani sili za raba pande zote mbili. Ile yenye ZZ ina vifuniko vya bati ambavyo havigusi ringi ya ndani, inafaa mahali pakavu. Chini ya gari la viazi hapafai. Na nilichukua seti nzima yenye breketi na raba, kwa kuwa raba ya zamani ilikuwa imechanika.

Kuifunga ndipo beringi nyingi mpya huuawa kabla hazijatembea. Ringi ya ndani ndiyo inayokaza, kwa hiyo nguvu yote ipite kwenye ringi ya ndani. Ukigonga ya nje, nguvu inapita kwenye gololi, na kila gololi inaacha kishimo kwenye njia yake. Beringi itazunguka vizuri mkononi, na mwezi unaofuata itaanza kunguruma. Tumia paipu inayokaa sawasawa kwenye ringi ya ndani, au usigonge kabisa.

Hatukugonga. Beringi yenye grisi na sili haichemshwi kwenye oili kama zile za wazi, kwa maana grisi itatoka yote. Lakini inaweza kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki mzito usiopitisha maji na kuwekwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mbeya iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu nyuzi 94, wala sili haidhuriki. Chuma hutanuka karibu sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Tundu la milimita 40 likipanda kutoka nyuzi 15 za asubuhi hadi 94 linafunguka karibu mikromita 38. Mkazo unaotakiwa kwa kawaida hauzidi mikromita 25. Beringi iliteleza hadi kwenye bega la shafti, ikakaa, na baada ya dakika chache haikutoka tena kwa vidole vya mtu yeyote. Mama alitazama sufuria akauliza kama tutapika na viazi.

Sasa lile la kwenye kiungo kinachoteleza. Shafti ya nyuma ina krosi mbili, kila moja na masikio yake yanayoishika. Masikio ya pande mbili za shafti hiyo yanatakiwa yawe kwenye mstari mmoja: ukiilaza shafti sakafuni, yote mawili yalale sawa. Hii ilikuwa imepishana jino moja. Kiungo chake kina meno 16, kwa hiyo jino moja ni nyuzi 22 na nusu. Mishale ya kiwandani ilikuwepo, chini ya tope na rangi nyeusi ambayo mtu aliipulizia ili shafti ionekane mpya.

Krosi iliyopinda kwa pembe haipitishi mzunguko kwa usawa. Upande unaoendeshwa huenda mbio kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10 tofauti inafika karibu asilimia 1.5 juu na chini. Krosi ya pili, masikio yakiwa yamelingana na pembe zikikaribiana, inafanya kinyume na kufuta kosa la ya kwanza. Ukipishanisha jino, ufutaji unaharibika na mabaki yanaenda kwenye kitu laini kuliko vyote njiani, yaani raba ya senta beringi. Kwa hiyo hapa kulikuwa na wauaji wawili wenye kazi tofauti. Bati lilikuwa linaibandua beringi, na jino lililopishana lilikuwa linaichana raba. Hata kama bati lingetolewa peke yake, raba ingerudi kuchanika, na raba ikichanika beringi inaanza kupigwa huku na kule.

Krosi zenyewe zilikuwa hai. Tulizishika na kuzicheza pande zote, hakuna mchezo wala mkwaruzo, zikapigwa grisi mpaka ya zamani ikatoka kwenye vikombe vyote vinne. Zikitoa grisi vitatu na kimoja kikabaki kikavu, usiendelee mpaka nacho kitoe.

Breketi ilifungwa kwa bolti ambazo hazikukazwa mwanzoni. Tuliirudisha shafti yote, alama kwa alama na mshale kwa mshale, tukalisukuma gari mbele na nyuma kidogo ili raba ijitafutie kati yake, tukahakikisha breketi inasimama wima dhidi ya shafti, ndipo tukakaza. Ukikaza kwanza, raba inabaki imesokotwa siku zote. Kati ya breketi na mhimili kulikuwa na washa nene kila upande. Zile ni za kiwandani, zinaweka pembe ya shafti, na si za kupelekwa kwenye kazi nyingine. Kwenye gari hili zilikuwepo.

Majaribio ya barabarani hayakuwa na hadithi. Tulipita njia ileile, kasi ileile, mngurumo haukuwepo. Mlimani likiwa tupu liliondoka kimya. Nikasema tusishangilie mpaka libebe. Baada ya safari ya kwanza na mzigo dereva alirudi kukaza bolti za breketi kama tulivyokubaliana, na zilikubali kukazwa kidogo, jambo la kawaida kwa raba mpya.

Lililobaki ndilo tulilobishana nalo. Springi za nyuma zimeongezwa jani moja kila upande, ili kubeba lumbesa, yaani gunia zilizojazwa kupita mdomo na kushonewa kofia. Gari likiwa tupu difu linaning'inia chini zaidi ya lilivyopangwa na pembe ya krosi ya mwisho inaongezeka. Likibebeshwa gunia zilizoshonewa kofia, inapungua kupita kiasi. Nilimweleza mama kwamba gunia likizidi kilo 100 ni kosa mbele ya Wakala wa Vipimo na ni kosa mbele ya propela yake pia. Akacheka. Akasema wanunuzi wa mjini hawataki gunia lisilo na kofia, na kama yeye hatafunga hivyo, jirani yake pale Isyonje atafunga. Sikuwa na jibu la kibiashara la kumpa. Tulichokubaliana ni kwamba idadi ya gunia kwa safari ipungue, na jani litolewe msimu ukipoa. Nimepima pembe za shafti zote mbili gari likiwa tupu na likiwa limebeba, namba ziko kwenye daftari pamoja na unene wa zile washa. Jani likitolewa tutapima upya, na kama pembe hazitalingana, washa ndizo zitakazobadilishwa kabla gari halijatoka uwanjani.